Chumvi, Chuma na Spana Namba 14

Ukitoka Dar es Salaam kuelekea Bagamoyo, ukishapita Bunju upepo unabadilika. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo: kote huko bahari iko upande wako wa kulia. Mara nyingi huioni, lakini inakufikia. Inafika kwenye mabati, kwenye bawaba za milango, kwenye nondo za nyumba ambazo zimesubiri ghorofa ya pili miaka kumi. Inafika pia chini ya boneti. Gari lililolala nje miaka mitano katika ukanda huu linaweza kuwaka vizuri kila asubuhi, na ugonjwa wake usiujue mpaka siku utakapotaka kufungua kitu.

Unaweka spana, unavuta, bolti inakataa. Unachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili upate nguvu zaidi. Unavuta tena, na ghafla inalegea, laini, kwa urahisi wa kutia shaka. Kila aliyewahi kushika spana anaujua ulaini ule na anauogopa. Bolti imekatika, na nusu yake imebaki ndani ya injini. Kazi ya saa moja imegeuka kazi ya siku tatu, na pengine ya kununua silinda hedi nyingine.

Chuma kikishika kutu hakipungui tu, kinavimba pia, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Nafasi iliyopo kati ya hesi za bolti na hesi za tundu lake ni kama unene wa unywele. Kutu ikiijaza, bolti na tundu vinakuwa kitu kimoja. Umande wenye chumvi unaharakisha mambo, maana unapitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme mdogomdogo. Kwenye injini za siku hizi, ambazo hedi ni aluminiamu na bolti ni chuma, hali ni mbaya zaidi: metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi zinakuwa betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaobaki unabana kama saruji.

Bolti ina ahadi mbili. Ya kwanza ni kushikilia. Ya pili, ambayo msumari na ribiti hazikuitoa, ni kuachia siku utakapotaka. Chumvi haigusi sana ile ya kwanza. Inaiua ya pili. Na watu wa pwani hii walikuwa wakishughulika na tatizo hili muda mrefu kabla bolti ya kwanza haijashushwa forodhani.

Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya kwanza, ule uitwao Periplus, unataja Rhapta, mji wa mwisho wa soko katika pwani ya Azania, na unasema jina hilo limetokana na mashua zake za kushonwa. Wanahistoria wanabishana ulikuwa wapi. Wengi wanautafuta kati ya Dar es Salaam na delta ya Rufiji. Kuhusu kushona hakuna ubishi. Mbao zilitobolewa, zikafungwa kwa kamba, na chombo kikaingia baharini bila msumari.

Kwa nini? Wageni walitoa majibu ya ajabu. Iliaminika kwamba Bahari ya Hindi ina miamba ya sumaku inayonyofoa misumari kwenye meli. Procopius, mwandishi wa karne ya sita, aliicheka hadithi hiyo, kisha akatoa sababu yake: watu wa huko hawana chuma. Kwa pwani yetu hilo nalo si kweli. Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, mwanaakiolojia Felix Chami alifukua mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya takriban miaka elfu mbili iliyopita. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, anataja watu wa Malindi wakichimba chuma, na chuma cha Sofala kikipelekwa India. Chuma kilikuwepo. Watu walikifua, walikiuza, na bado wakashona vyombo vyao.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anatoa sababu inayofanana na maneno ya fundi: chombo cha misumari kikigonga mwamba hupasuka, cha kushonwa hunyumbuka. Naikubali, ila naona inaacha jambo. Mtepe, chombo cha kushonwa kilichoendelea kuundwa huko Lamu hadi karibu na mwanzo wa karne ya 20, ulihitaji kushonwa upya mara kwa mara. Vitabu huliandika hilo kama udhaifu. Lakini fikiria kazi yenyewe: kamba ya makumbi ikichoka unaikata kwa kisu, unatoa ubao uliooza, unaweka mwingine, unashona. Hakuna kiungo cha mtepe kilichowahi kumgomea fundi.

Misumari hatimaye ilishinda, ila mafundi wa majahazi hawakuiachia kazi peke yake. Tundu hutobolewa kwanza kwa keke. Msumari huzungushiwa nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, ndipo unapigwa. Nyufa hujazwa kalafati, mbao hupakwa sifa, tumbo la chombo hupakwa deheni. Mafuta yanatangulia, chuma kinafuata. Nenda ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki, wakati jahazi limepandishwa kwa matengenezo, na ukae nusu saa. Hutasikia mtu akilieleza hili kama nadharia.

Tarehe 17 Novemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo ukiwa na chombo cha aina nyingine: Lady Alice, mashua iliyoundwa Uingereza kwa mbao za mseda, kwa vipande vinavyofunguka ili vibebwe mabegani. Vipande vilipofika Unguja vilionekana vizito mno, ikabidi vipunguzwe. Wakachaguliwa wapagazi wenye nguvu kuliko wenzao, na wanaume hao wakakibeba chombo cha baharini mamia ya maili ndani ya nchi kavu hadi Ziwa Victoria, ambako mashua iliunganishwa na kuanza kulizunguka ziwa Machi 1875. Mwaka 1877 ilitelekezwa juu ya maporomoko ya Mto Kongo. (Alice mwenyewe, msichana aliyeahidi kumsubiri Stanley, alikuwa ameshaolewa na mwanamume mwingine.) Kwa chombo kama hicho, kufunguka ndiyo ilikuwa sababu ya kuundwa kwake. Kiungo kimoja kikigoma porini, hakuna mabega ya kukibeba kizima.

Wajerumani walilirudia wazo hilo kwa ukubwa wa kutisha. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafumuliwa, ikatiwa ndani ya makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na kisha Kigoma kwa njia ya reli. Iliingia majini Februari 1915. Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, wahandisi waliipaka mitambo yake grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mitambo ingali mizima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ni kweli kwamba maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya bahari, na hilo lilisaidia. Hata hivyo miaka kadhaa chini ya maji si mchezo. Katika kisa chote hiki, kinachonigusa ni wale watu waliozamisha meli huku wakifikiria atakayekuja kuifungua.

Magari yalipoenea, tatizo la chumvi likaongezewa la vipimo. Land Rover na malori ya Bedford yalitoka nchi ya inchi. Kiwanda cha TAMCO pale Kibaha kikaunganisha Scania kutoka Sweden, nchi ya milimita. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakaja kwa wingi mpaka tukasahau kwamba kulikuwa na mengine. Kijana anayejifunza ufundi leo anajua 10, 12, 14, 17 na 19, ambazo ni namba za Kijapani. Mzee wake ana sanduku lenye namba za sehemu. Kichwa cha bolti cha nusu inchi kina milimita 12.7: spana namba 13 inaingia, inacheza kidogo, na kidogo hicho kinatosha kula kona zote sita. Cha sehemu tisa za kumi na sita ya inchi kinaikataa kabisa namba 14. Robo tatu inchi na namba 19 ni ndugu, unaweza kuzibadilisha ukiwa umefumba macho. Bolti nyingi zilizogoma Tanzania hii hazikuuawa na kutu. Ziliuawa na spana ya nchi nyingine.

Magari ya Japani nayo si lazima yaje na bolti safi. Kaskazini, hasa Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari la huko huja likiwa limeshaonja chumvi ya barabarani kabla halijakutana na ya Bagamoyo.

Hapa Mapinga, kwa jirani yangu, fundi aliyestaafu, niliwahi kukaa jioni nzima nikitazama nati tano za menifoldi ya ekzozi. Gari lilikuwa Noah ya mwanawe. Gasketi imeungua, injini inatoa mlio kama pikipiki, na kesho yake alfajiri kulikuwa na abiria wa kukodi kwenda Msata. Kijana alikuwa ameshachomeka bomba kwenye spana.

"Acha hiyo, mwanangu."

"Baba, hawa watu wameshalipa nusu."

"Kwa hiyo wamenunua na stadi mpya?"

Mzee alisugua kila nati kwa brashi ya waya, akadondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akazigonga kichwani kwa nyundo ndogo, si kwa nguvu, kama anayebisha hodi. Akanywa chai. Akarudia. Alipoweka spana namba 14 alianza kwa kukaza, kidogo sana, ndipo akarudisha. Ikilia, anaacha, anaongeza mafuta, anakaza tena. Tatu zilitoka kabla ya magharibi. Ya nne ilitoka pamoja na stadi yake, jambo ambalo alisema ni bahati, kwa sababu nati hutolewa kwenye stadi ukiishikilia kwenye jiliwa.

Ya tano ilikataa. Kijana akaliangalia bomba. Kisha akatoka nje ya geti, akapiga simu, akampa mwenzake safari ya Msata pamoja na ile nusu iliyolipwa.

Asubuhi mzee alifuta mafuta yote kwa kitambaa kikavu, akaazima mtungi wa gesi kwa mchomeleaji wa jirani, akaipasha nati moto, yenyewe tu bila kugusa stadi, mpaka ikawa nyekundu iliyofifia. Akasubiri. Akaweka spana. Ilipiga ukelele mmoja, na ikazunguka.

Wakati wa kurudishia, kijana alichota grisi ya kawaida. Mzee akamzuia: ile huungua kwenye ekzozi. Akatoa kopo dogo la grisi ya shaba, akapaka hesi zote tano. Alipomaliza aliiomba spana yake, akaifuta, akaiviringisha kwenye kitambaa chenye oili.