Jioni za Amsterdam na Daftari Langu la Maneno

Maneno ya wiki tatu yalinipotea kwa dakika moja: nilinakili faili la zamani kutoka kwenye flashi juu ya lile jipya. Mimi hukusanya maneno ya Kiswahili na maana zake katika mafaili ya maandishi matupu. Mchana naandika kwenye kompyuta ya kazini, usiku kwenye ya nyumbani.

Waandishi wa programu walilijua tatizo hili zamani. Mwaka 1972, Marc Rochkind wa Bell Labs alitengeneza SCCS, programu ya kutunza kila toleo la faili. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS. Zote zilikuwa na desturi ya kufuli: anayehariri hulifunga faili, wenzake wakasubiri.

Dick Grune, mhadhiri wa Amsterdam, hakuweza kusubiri. Kuanzia Julai 1984 alikuwa akitengeneza kompaila ya lugha ya C na wanafunzi wake wawili. Mmoja alishika saa za ofisi, wa pili hakuwa na saa maalumu, na Grune mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Wangefungiana mafaili, kazi ingelala. Akaandika skripti juu ya RCS ili kila mtu abadili nakala yake, kisha mabadiliko yaunganishwe. Juni 1986 akazitoa hadharani, ndiyo CVS. Naupenda sana mwanzo huo, kwa sababu ulitokana na watu watatu kupishana saa tu.

Leo natumia Git, aliyoianza Linus Torvalds Aprili 2005 baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya programu ya BitKeeper. Kila kompyuta yangu inabeba historia yote. Nikifika navuta mabadiliko mapya, nikiondoka nasukuma yangu.

Juzi nilisahau kuvuta, nikaliandikia neno moja maana tofauti kwenye kompyuta mbili. Kwenye neno *mshipi* Git ikasimama, ikaniwekea mishale saba ya kushoto, alama saba za usawa, na mishale saba ya kulia, alama ambazo CVS nayo ilizitumia. Juu: “mkanda wa kiunoni.” Chini: “uzi wa kuvulia samaki.” Haikunichagulia. Nikafuta alama, nikaziacha maana zote mbili, maana zote ni sahihi.