Siti binti Saad: Sauti iliyotoka barazani Ng'ambo

Mwezi Machi mwaka 1928, mwanamke wa makamo kutoka Unguja aliingia studio mjini Bombay, India, akiwa na wanamuziki wenzake. Hakujua kusoma wala kuandika. Nyimbo zote alizokwenda kurekodi alikuwa nazo kichwani.

Msikilizaji, mwanamke huyo ni Siti binti Saad, na makala yetu ya leo yanauliza: nyimbo zake alizitoa wapi?

Alizaliwa Fumba, kusini magharibi mwa Unguja, mnamo mwaka 1880, wazazi wake wakiwa watumwa wenye asili ya bara. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Hilo la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alipewa baadaye ukubwani. Kazi aliyorithi kwa mama yake ilikuwa ufinyanzi. Alitembeza vyungu vijijini huku akiimba kuviuza, na wanunuzi walimtambua kwa sauti kabla hajatokeza.

Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa uimbaji na mwanamuziki Ali Muhsin. Wakati huo taarab ilikuwa muziki wa wakubwa. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze muziki, na nyimbo za kasrini ziliimbwa kwa Kiarabu. Siti alikijua Kiarabu cha nyimbo hizo na aliziimba vizuri. Lakini wakazi wengi wa Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya Mji Mkongwe, hawakuwa wakifahamu maneno yake. Kwao aliimba Kiswahili.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Nyumbani kwake watu walikusanyika usiku: majirani, wafanyakazi, wanawake wenye mashitaka yao. Walileta habari za mapenzi, za matajiri wadhalimu na za hukumu zilizotolewa mahakamani mchana. Siti na wenzake, wakiwemo Mbaruk Talsam, Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo na Mwalim Shaaban, walizigeuza habari hizo kuwa nyimbo. Ni vigumu leo kusema beti ipi ni ya nani, na sidhani kama wenyewe walijali.

Tuchukue wimbo wa Kijiti. Unasimulia kisa cha mgeni wa kike kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa alivuka bahari akatoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Waliokuwa na uchungu wa hukumu hiyo hawakuwa na gazeti la kuuandika. Walikuwa na Siti.

Si wote waliompenda. Palikuwa na nyimbo za kumsimanga kwa ushamba wake, umaskini wake na vyungu vyake. Naye alijibu kwa wimbo.

Sahani za Bombay zilienea kuliko ilivyotarajiwa. Alirudi huko kurekodi tena, na kampuni nyingine zikaja Afrika Mashariki kuwania soko. Santuri moja mkahawani iliwatosha watu wengi, hivyo kisa cha Ng'ambo kikasikika Mombasa, Tanga na mbali na pwani, kwa watu wasiomjua Kijiti wala hakimu wake. Kumbuka kwamba upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu hivi tu. Wimbo uliokuwa ukiendelea usiku kucha, watu wakidakia na kuongeza beti, ilibidi ukatwe. Tunachokisikia leo kupitia mikwaruzo ya sahani hizo ni kipande tu.

Siti alifariki dunia Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amemsimulia maisha yake Shaaban Robert, aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, nacho kikaliita jarida lake Sauti ya Siti.

Kijiti haukuzikwa naye. Bi Kidude aliuchukua, akauimba kwa namna yake, Zanzibar na katika majukwaa ya Ulaya, hadi uzeeni. Alifariki Aprili 2013.