Dhahabu, Karatasi na Amri: Historia ya Fedha katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Fedha hupita katika mikono ya watu wote, wakubwa kwa wadogo, lakini ni wachache waulizao inapata wapi nguvu yake. Kipande cha karatasi hakiliwi wala hakivaliki. Hakiezeki nyumba wala hakizibi tundu la mtumbwi. Hata hivyo mvuvi wa Malindi humtoa changu aliyemkesha usiku kucha, akapokea karatasi hiyo, akaenda zake ameridhika. Ni nini kilichomridhisha? Swali hili ni fupi, lakini jibu lake ni historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika nchi hii iliyo baina ya hori la Kilifi na mji wa Mambrui.

Tuanze Gedi. Magofu ya mji huo yamo ndani ya msitu, kusini ya Malindi. James Kirkman alipoanza kuyachimbua mwaka 1948, nyumba nyingi alizipa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake. Moja ilipewa jina la simbi, yaani kauri ndogo za baharini ambazo zamani zilikuwa fedha katika nchi nyingi. Nyingine ilipewa jina la sarafu za Kichina. Tena huko Mambrui, kaskazini ya mto Sabaki, wachimbuzi wa Kenya na wa Uchina walipata mwaka 2010 sarafu yenye tundu la mraba katikati na jina la enzi ya Yongle, mfalme aliyetawala Uchina hata mwaka 1424. Hapana mfalme wa Kichina aliyepata kutoa amri Mambrui. Sarafu ile ilikuja kwa njia ya biashara, si kwa njia ya utawala.

Ndivyo mambo yalivyokuwa kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 sarafu iliyoaminiwa sana katika pwani yetu ilikuwa reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini reale zake ziliendelea kutengenezwa kwa sura yake na mwaka wake uleule, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani hawakutaka nyingine. Hawakumjua malkia wala hawakumwogopa; walichokijua ni uzito wa madini yaliyomo. Hata neno letu fedha, kabla ya kuwa jina la kila kitu kinunuacho, lilikuwa jina la madini yale meupe. Baadaye rupia ya India, iliyoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi, ilienea mahali pa reale, na chini ya rupia kulikuwa na pesa, sarafu ya shaba. Pesa 64 zilifanya rupia moja.

Fedha ya namna hii ilikuwa na sifa moja njema: thamani yake ilikuwa ndani yake. Lakini ilikuwa na ila pia. Bei ya madini hupanda na kushuka kwa mambo yatokeayo mbali. Katika miaka iliyofuata 1870 fedha nyeupe ilichimbwa kwa wingi huko Marekani, na mataifa makubwa ya Ulaya yakaichagua dhahabu iwe kipimo chao. Basi bei ya fedha ikashuka, na rupia ikashuka nayo. Mtu wa Takaungu aliyeweka rupia zake sandukuni alipungukiwa bila kuibiwa, kwa sababu ya shimo lililochimbwa katika nchi asiyoijua.

Wakati huohuo alikuja mtawala mpya. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ambayo ilikuwa imepewa na Sultani wa Unguja haki ya kuusimamia ukanda wa pwani, ilitoa sarafu zake zenye jina la Mombasa na picha ya mizani. Msomaji na aikumbuke picha hiyo. Mizani ni alama ya haki, lakini mizani ina mwenyewe, na anayeishika ndiye aonaye kwanza inakoelemea.

Kampuni ilishindwa kuendelea, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikashika mahali pake. Serikali hiyo ilitaka utulivu wa fedha. Huko India viwanda vya sarafu vilikuwa vimekwisha kufungwa tangu 1893 kwa watu waliozoea kupeleka fedha yao nyeupe igeuzwe rupia, na kwa njia hiyo rupia iliinuliwa ikafungwa kwenye dhahabu: shilingi 1 na peni 4 kwa kila rupia. Mwaka 1905 kipimo hicho kiliwekwa rasmi katika Himaya ya Afrika Mashariki, na pauni ya dhahabu ikahesabiwa kuwa rupia 15. Noti za karatasi pia zilitolewa. Maana ya noti ilikuwa ahadi: anayeileta atapewa sarafu. Huu ndio utaratibu unaoitwa kiwango cha dhahabu. Chini ya utaratibu huo serikali haiwezi kutoa noti kama ipendavyo, maana kila noti ni deni, na siku moja mwenyewe aweza kuja kulidai.

Lakini dhahabu haikumfunga mtawala mikono yote miwili. Aliweza bado kuamuru ni fedha gani ipokewe kwa kodi. Mgiriama wa bonde la Sabaki aliyekuwa na mahindi ghalani, mbuzi zizini na minazi shambani hakuwa maskini. Lakini mbele ya mtoza kodi alikuwa mtu asiye na kitu, kama hakuwa na rupia. Kodi ya nyumba, iliyoanza katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, ilimlazimisha auze mazao yake kwa bei aliyoikuta au akauze nguvu zake kwa mshahara. Mekatilili wa Menza alipowaunganisha Wagiriama mwaka 1913, kodi na kazi za kulazimishwa zilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyakataa. Mwaka uliofuata serikali ilitumia silaha, ikaibomoa Kaya Fungo kwa baruti, kisha ikawatoza Wagiriama faini ya rupia 100,000. Hivyo fedha iliyoanza kama chombo cha hiari cha wafanyabiashara ilikuwa imegeuka chombo cha amri.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la habari hii. Vita Kuu ya 1914 iliuvunja utulivu wa dunia. Uingereza ilitoa noti nyingi kwa gharama za vita, na pauni ya karatasi ikapungua thamani mbele ya dhahabu. Fedha nyeupe nayo ikapanda bei, hata rupia, iliyokuwa shilingi 1 na peni 4, ikapita shilingi 2 mwishoni mwa 1919. Walowezi wa Kenya walilia. Wengi wao walikuwa na madeni ya benki kwa rupia, na mazao yao waliyauza London kwa pauni. Aliyekopa rupia 1,500 alidaiwa pauni 100 kabla ya vita. Kwa kipimo kipya alidaiwa pauni 150, ingawa hakuongeza hata rupia moja juu ya mkopo wake.

Walowezi walitaka kipimo cha zamani kirudishwe. Mabenki na wenye kudai hawakutaka. Katika mwaka 1920 serikali iliamua kuifunga rupia kwa shilingi 2 kamili. Ikaanzishwa sarafu mpya iitwayo florini, yenye thamani hiyohiyo, nayo haikudumu. Kisha mwanzoni mwa 1922 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, mbili kwa kila florini. Kazi ya kuzitoa fedha hizo ilikuwa mikononi mwa Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Desemba 1919, ambayo wajumbe wake walikutana London.

Tazama mambo yaliyofuata. Huko India rupia ilianguka tena, lakini Kenya ilikuwa bado shilingi 2. Mwenye kuleta rupia za India kwa siri alipata faida ya bure. Kwa hiyo mwaka 1921 serikali ilikataza rupia hizo kuingia, ikaziondolea uhalali. Sarafu aliyoifahamu mtu wa pwani tangu utoto wake ikawa kipande cha madini tu. Likatokea pia pendekezo kwamba senti za zamani, zilizokuwa 100 kwa rupia, zihesabiwe sawa na senti mpya, zilizokuwa 100 kwa shilingi. Kwa kuwa rupia moja ilikuwa shilingi mbili, senti moja ya zamani ilistahili senti mbili mpya. Pendekezo hilo lingemnyang'anya mwenye senti nusu ya akiba yake. Na walioweka akiba yao kwa senti walikuwa ni akina nani, isipokuwa maskini? Lilipingwa, likaachwa.

Lakini pigo jingine halikuachwa. Mwaka 1921 waajiri walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Walisema kwamba rupia imepanda, kwa hiyo mfanyakazi hapungukiwi. Na tuipime hoja hiyo kwa hesabu. Tuchukue mfano wa mtu aliyelipwa rupia 6 kwa mwezi. Kwa kipimo cha zamani mshahara wake ulikuwa shilingi 8. Rupia ilipofanywa shilingi 2, ukawa shilingi 12. Ulipopunguzwa theluthi, ukarudi shilingi 8. Hadi hapa mwajiri aonekana msema kweli.

Basi sasa tuweke kodi katika sahani ya pili ya mizani. Wakati wa vita kodi ilikuwa imefika rupia 5. Mtu wetu wa rupia 6 aliilipa kwa kazi ya mwezi mmoja, akabakiwa na rupia. Baadaye kodi ilipandishwa ikawa rupia 8, nayo ikageuzwa kuwa shilingi 16. Mshahara ulirudishwa kwenye kipimo cha zamani, lakini kodi haikurudishwa. Kwa shilingi 8 kwa mwezi, mtu yuleyule alihitaji sasa kazi ya miezi miwili mizima ili ailipe. Hapana mwizi aliyevunja nyumba yake. Kipimo kilibadilishwa, na kila mwenye sauti katika baraza alihakikisha kwamba mabadiliko hayamwumizi yeye. Aliyekosa sauti ndiye aliyelipa. Harry Thuku alianza kuwakusanya wafanyakazi wa Nairobi mwaka huohuo, na kupunguzwa kwa mishahara kulikuwa sababu mojawapo kubwa. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe walipigwa risasi. Baadaye mwaka huo kodi ilishushwa hata shilingi 12.

Shilingi ya Bodi ilifuata pauni kama tela lifuatavyo gari. Uingereza iliporudi kwenye dhahabu mwaka 1925, shilingi ilirudi nayo. Ilipoiacha dhahabu tarehe 21 Septemba 1931, shilingi nayo ikaiacha, wala hapana mtu wa Malindi aliyeulizwa. Kenya huru ilifungua Benki Kuu yake mwaka 1966, na shilingi mpya ikatangaziwa kipimo chake cha dhahabu, kama ilivyokuwa desturi ya mataifa siku zile. Desturi hiyo ilivunjika baada ya 1971, Marekani ilipokataa kuendelea kubadili dola kwa dhahabu. Tangu hapo fedha ya dunia nzima ni karatasi na hesabu, nayo husimama kwa uaminifu wa wanaoitoa.

Je, hilo ni baya? Wako wasemao kwamba dhahabu pekee ndiyo iwezayo kumzuia mtawala. Hawakosi ushahidi: fedha nyingi ilimwagwa Kenya wakati wa uchaguzi wa 1992, na mwaka 1993 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40, zikala akiba za watu wa mshahara mdogo. Lakini tumeona pia kwamba rupia ilipofungwa kwenye dhahabu, Mgiriama hakuokoka. Na mwaka 1920 ubishi haukuwa juu ya madini, bali juu ya nani ataubeba mzigo. Dhahabu haina dhuluma, lakini haina huruma wala masikio.

Kizuizi kingine kimetafutwa katika sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 231, yasema kwamba Benki Kuu isiongozwe wala isiamriwe na mtu yeyote katika kazi yake, na kwamba noti na sarafu zisibebe sura ya mtu. Mwaka 2019 noti za zamani za shilingi 1,000 ziliondolewa uhalali mwisho wa Septemba. Safari hii watu walitangaziwa miezi minne kabla, na waliozileta walipewa mpya kwa thamani ileile. Hata hivyo noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi. Mtu akilinganisha jambo hilo na rupia za 1921 ataona kwamba nguvu ya amri ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa anayeamuru aweza kuulizwa.

Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni, na noti si kitu kingine ila ahadi. Mvuvi wa Malindi anayepokea karatasi kwa changu wake amewakopesha watu wote wa nchi. Amewaamini kwamba kesho watampa unga, nyuzi za jarife na ada ya mtoto wake kwa kadiri ileile. Wajibu wa raia aliyesoma ni kuitazama mizani kwa niaba ya yule asiyekuwa na nafasi ya kuitazama, na kuuliza kila inapotikiswa: ni nani ameigusa, na ni sahani ya nani iliyopanda juu?