Wenye Hoteli wa Nakivale

Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 ni miongoni mwa wakazi wa kwanza wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, nchi ya malisho kando ya ziwa, katika wilaya ambayo leo ni Isingiro. Wengi wao walirejea kwao baada ya 1994. Walikuja pia Wasomali, Waethiopia, Wakongo waliosukumwa na vita vya 1996 na 1998, na Warundi wa 2015. Kila kundi liliingia na lugha yake na mapishi yake, na hotelini ndiko walikokalia benchi moja.

Mwalimu aliyetoka Bukavu, Kongo, atahangaishwa na vyeti vyake. Mpishi hana mtihani mwingine zaidi ya mteja kurudi kesho. Mama aliyezoea kupika sombe na fufu kwao Uvira, akipata sufuria, makaa na unga, kazi imeanza. Ndiyo maana hoteli huwa biashara ya mwanzo ya mgeni, na wengine huzeekea humo.

Mtazame Msomali akipika canjeero alfajiri. Unga uliolazwa ukachachuka humiminwa katikati ya bamba la moto, kisha kitako cha upawa huuzungusha, duara ndani ya duara, mpaka ukingoni. Haugeuzwi. Vitundu vikishajitokeza juu, mkate umeiva, unangoja chai ya maziwa.

Jiko hilo lisingedumu bila sheria. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 imewapa wakimbizi walioko Uganda haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, hivyo mwenye hoteli anaweza kupanda gari hadi Mbarara akanunue mchele, mafuta na nyama. Kaskazini ya Mbarara kuna Bwizibwera, nchi ya matoke na maziwa; barabara yake ikipita Ibanda huendelea hadi Kamwenge, wilaya yenye makazi ya Rwamwanja yaliyofunguliwa upya 2012 kuwapokea Wakongo. Mkulima wa Bwizibwera ana majirani wakimbizi kusini na kaskazini, na wote wanakula.

Manung'uniko kwamba mgeni anakula tu jasho la mwenyeji hunikera. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walieleza katika ripoti yao ya 2014 kwamba, jijini Kampala, 4 kati ya kila 10 walioajiriwa na wakimbizi walikuwa raia wa Uganda.

Pigo jingine lilitoka kwenye mgao. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipungukiwa fedha, likashusha posho hadi asilimia 70 ya mgao kamili mwezi Aprili 2020, na hadi 60 mwezi Februari 2021. Mteja aliyepunguziwa hula kwa mkopo, na anayeubeba ni mama mwenye jiko, ambaye naye amepunguziwa vilevile. Katika hesabu zote za misaada nilizowahi kusoma, sijaona safu ya deni hilo.