Injili si Dema: Somo Kutoka Pwani ya Kismayo

Gazeti hili la maadhimisho limejaa picha za makanisa yaliyofunguliwa na watu waliobatizwa, na kwa hayo tunamrudishia Mungu utukufu. Mimi naomba niwapeleke mahali ambapo hatuna picha hata moja ya kuonyesha: Kismayo na visiwa vya Wabajuni, yaani Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo, mpaka Ras Kamboni karibu na mpaka wa Kenya. Hawa ni jirani zetu kabisa. Ni wavuvi na mabaharia, lugha yao ni Kiswahili cha kwao, na wamekuwa Waislamu kwa karne nyingi. Tukiulizwa kwa nini injili haijashika huko, wengi wetu tunajibu haraka, "Ni mioyo migumu." Lakini hebu tuulize kwanza: walioipeleka, waliipeleka namna gani?

Msalaba juu ya tanga

Msalaba wa kwanza ambao watu wengi wa pwani hii waliuona ulikuwa umechorwa kwenye matanga ya meli za Wareno. Mwanzoni mwa karne ya 16 Tristão da Cunha aliichoma Barawa. Mwaka 1587 kikosi kutoka Goa, kikiongozwa na Martim Afonso de Melo, kiliiangamiza Faza, ambao leo ni mji wa Wabajuni kisiwani Pate. Kosa la mji huo lilikuwa kuwaunga mkono Waturuki. Wareno waliua watu pamoja na mtawala wao, na wakakata minazi kwa maelfu. Sasa fikiria, ndugu: mtu ambaye mnazi wa babu yake ulikatwa na wenye msalaba, utamwambia nini kuhusu upendo wa msalaba?

Waliofukuzwa na waliokaa

Karne ya 20 Walutheri kutoka Uswidi walifanya kazi Kismayo na kando ya Mto Juba. Wengi waliowapokea walikuwa watu waliotoka utumwani na watoto wao. Mwaka 1925 Mwingereza alimkabidhi Mwitaliano eneo hilo, na mwaka 1935 Waitaliano wakawafukuza Waswidi. Mlango ulioachwa wazi na serikali moja ulifungwa na nyingine.

Mwaka 1953 walifika Wamennonite kutoka Marekani. Walifungua shule, na huko Jamaame, kaskazini mwa Kismayo, wakatibu wagonjwa. Julai 1962 mwalimu Merlin Grove alichomwa kisu mjini Mogadishu akiwa anaandikisha wanafunzi, akafa. Mkewe Dorothy alijeruhiwa vibaya, akapona. Mwaka uliofuata ikakatazwa kueneza dini nyingine yoyote isipokuwa Uislamu, na shule zote zikatakiwa kufundisha Uislamu, hata za misheni.

Wangefungasha virago, nani angewalaumu? Lakini walikaa. Walikubali mwalimu Mwislamu afundishe dini yake ndani ya shule zao, wao wakaendelea kufundisha hesabu na kufunga vidonda. Shule zilitaifishwa mwaka 1972, na mwaka 1976 wakaondoka. Ukihesabu waliobatizwa, utasema walishindwa. Mimi nasema waliacha kitu ambacho mizinga ya Mreno haikuweza kuacha: jina la Yesu lisilonuka damu ya wengine.

Foleni ya unga

Mwaka 1991 vita vilipoipasua Somalia, Wabajuni walipanda majahazi wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Mwaka 2011, wakati wa ukame na vita tena, sisi wenyewe tuligawa unga Mombasa kwa familia zilizotoka Kismayo. Tukawaketisha juani wasikilize mahubiri kwanza, ndipo wapewe. Na kamera ilikuwa inapiga tu.

Mzee mmoja Mbajuni akaniita kando. "Mwanangu, hii ni sadaka au ni dema?"

Dema mnalijua. Samaki anafuata chambo, mlango wa kuingia ni mpana, wa kutoka haupo. Niliona aibu. Nikamjibu, "Ni sadaka, mzee."

"Basi wape kina mama waende, watoto wana njaa. Wewe njoo jioni, nikuulize habari za huyo Isa wako."

Nilikwenda. Tulizungumza mpaka adhana ya isha. Hakubadili dini, wala mimi sikuficha imani yangu. Lakini alinialika tena, na tena. Katika miaka yangu yote ya kushika maikrofoni, sijapata kusikilizwa vile.

Wapendwa, tukianza mwaka mwingine wa ushirika wetu, tuweke agano. Tukitoa msaada, tutoe hata kwa yule atakayekataa neno letu. Tukihubiri, tuseme wazi sisi ni nani, kwa upole na heshima kama Petro anavyoagiza (1 Petro 3:15). Na picha za waliookoka kutoka kule tuache kuzirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Kusini mwa Somalia watu wameuawa kwa kushukiwa tu kwamba wanamfuata Yesu. Ushuhuda wako wa dakika moja usije ukawa kaburi la mwenzako.

Bwana alituita tuwe wavuvi wa watu, lakini hakutupa dema. Awabariki nyote.