Elsie Widdowson: Mwanamke Aliyepima Ukuaji wa Mtoto Tumboni



Kila bibi harusi wa kwetu akishapata habari njema ya mimba hupokea maagizo kutoka kila upande. Mama mkwe anasema hili, somo anasema lile, na kliniki nao wana yao. Kula hiki, wacha kile. Safari hii tumeona tumtafute mtu aliyeyachunguza mambo haya kwa mizani na maabara. Tukamkuta mwanamke wa Kiingereza aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 50.

Elsie Widdowson alizaliwa mwaka 1906 huko Wallington, kusini mwa London. Mdogo wake, Eva Crane, alikuja kuwa bingwa wa elimu ya nyuki na asali duniani, kwa hiyo nyumba hiyo ilitoa wanawake wawili wa elimu. Elsie alisoma kemia Imperial College, wakati ambapo wasichana katika masomo hayo walikuwa wachache sana. Mwaka 1931 akapata shahada ya udaktari kwa kuchunguza sukari zilizomo ndani ya tufaha.

Tufaha hilo ndilo lililomfungulia mlango. Mwaka 1933 alikwenda kujifunza upishi katika jiko kuu la hospitali ya King's College, London. Humo jikoni alikutana na daktari kijana, Robert McCance, aliyekuwa akipima vyakula kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari. Elsie alipoyasoma majibu yake aliona kosa: njia aliyotumia daktari iliharibu sehemu ya sukari ya matunda, kwa hiyo hesabu zake zilikuwa chini ya ukweli. Akamwambia. Daktari hakukasirika, bali alimkaribisha wafanye kazi pamoja, na walishirikiana kwa takriban miaka 60. Mwaka 1940 walitoa kitabu cha hesabu za vyakula, kikionyesha kila chakula kina protini kiasi gani, mafuta kiasi gani na madini gani. Mpaka leo wataalamu wa lishe wanatumia matoleo mapya ya kitabu hicho.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili walijijaribia wenyewe. Kwa miezi kadhaa waliishi zaidi kwa mkate, kabeji na viazi, kisha wakaenda kupanda milima na kuendesha baiskeli kaskazini ya Uingereza waone kama nguvu zimebaki. Zilibaki, lakini waligundua kwamba chakula hicho kina upungufu wa kalisiamu. Kwa ushauri wao, unga wa mkate wa Waingereza ukaongezwa madini hayo.

Kazi inayotugusa sisi zaidi ni ile aliyoifanya baada ya vita. Elsie alitaka kujua mwili wa mtoto unajengwaje tumboni, kwa hiyo alipima miili ya watoto waliotoka kabla ya wakati na waliozaliwa bila uhai: maji, mafuta, protini na madini. Ni jambo zito kulisoma, na tunajua wapo miongoni mwetu waliowahi kuzika mtoto wa namna hiyo. Lakini kwa vipimo hivyo watoto wengi wamehudumiwa vizuri zaidi.

Alikuta kwamba mimba ikiwa changa, mwili wa mtoto ni maji kwa karibu sehemu 9 katika 10, na mafuta hamna kitu. Kadiri miezi inavyokwenda, maji hupungua na protini huongezeka, maana ndiyo inayojenga misuli na viungo. Akiba kubwa ya mafuta na ya madini ya chuma huingia katika miezi 3 ya mwisho. Mtoto aliyetimia huzaliwa na mafuta kama asilimia 16 ya uzito wake, wakati wanyama wengi huzaliwa na asilimia 1 au 2 tu. Ndiyo maana mtoto njiti huja bila akiba, na huhitaji joto na uangalizi wa pekee.

Yeye na McCance walichunguza pia figo za watoto wachanga, wakaona bado hazijakomaa. Protini ya maziwa inayokwenda kujenga mwili haiwi mzigo kwa figo, lakini inayozidi mahitaji huwa mzigo. Maziwa ya ng'ombe yana protini karibu mara 3 ya maziwa ya mama, kwa kuwa ndama hukua haraka zaidi. Sisi tuliofundishwa na Qur'ani habari ya miaka miwili ya kunyonyesha hatushangai kusikia kwamba maziwa ya mama yamepimwa kwa kadiri ya mtoto wake.

Tumebakisha kisa kimoja, nacho ndicho kilichotufanya tuandike. Mwaka 1948 Elsie alikuwa Ujerumani, katika mji wa Wuppertal, akipima uzito wa watoto katika nyumba mbili za mayatima. Miezi 6 ya mwanzo wote walikula chakula sawa. Kisha nyumba moja ikaongezewa mkate, jamu na maji ya machungwa. Ajabu, hao walioongezewa ndio waliopata uzito mdogo zaidi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wakati uleule nyumba yao ilikuwa imepata mlezi mpya, mkali, mwenye mazoea ya kuwagombeza watoto mbele za watu wakati wa kula. Watoto wakikaa na hofu, chakula kikipoa. Alikuwa na vipenzi wake 8 aliokuja nao, na hao walinenepa vizuri.

Elsie hakuolewa wala hakuzaa. Mwaka 1976 aliingizwa katika Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza, na alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 93.

Wale walikuwa watoto, si waja wazito, nasi hatutaki kumsemesha Elsie asilolisema. Lakini tunawafikiria mabibi harusi wetu wanaoishi ukweni. Wapo wanaopika sinia zima, wakaja kula wa mwisho yaliyobaki, samaki keshakwisha, na tonge likashushiwa maneno. Mama wakwe zetu, tunawaomba: mkewe mwanenu akiwa mzito, hasa miezi ile ya mwisho, mwekeeni kipande chake cha samaki na bakuli lake la kunde, na ya kumwambia yasubiri sinia liondolewe. Nawe mwari wetu, usikose kliniki, na ukiona njaa usione haya kusema.

Allah awajaalie uzazi mwepesi na watoto wenye afya. Amin.