Ufunguo wa Benki na Mwenye Mali

Katika zama za karani na dirisha, mtu aliyeweka fedha benki alijulikana kwa uso wake. Alifika, akasalimiana na karani, akatia saini, na karani akailinganisha saini ile na nyingine iliyohifadhiwa jaladani. Karani akishuku, aliuliza. Na mwenye fedha akishuku, aliuliza vile vile. Wote wawili walikuwa mahali pamoja, na kila mmoja aliweza kumpima mwenzake. Siku hizi benki humtaka mtu ajithibitishe akiwa mbali, wala haonekani na yeyote, na mara nyingi humtaka afanye hivyo kwa programu iliyowekwa ndani ya simu janja. Wengi wamekubali. Baadhi wamekataa, nao hudhaniwa kuwa ni wazee waoga au watu wasiopenda maendeleo. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina haki, na kwamba historia ya mabenki yenyewe yatoa ushahidi upande wa hao wanaosita.

Badiliko la kwanza kubwa lilikuja pale mashine ilipowekwa mahali pa karani. Mwaka 1966 mhandisi wa Scotland, James Goodfellow, aliomba hataza ya mashine ya kutoa fedha iliyomtambua mteja kwa kadi na namba ya siri. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Juni 1967, benki ya Barclays ilifungua huko Enfield, kaskazini mwa London, mashine ya kutoa fedha iliyobuniwa na John Shepherd-Barron. Huyu alisimulia baadaye kwamba alikusudia namba ya siri iwe na tarakimu sita, lakini mkewe alimwambia kuwa yeye aweza kukumbuka nne tu; basi zikawa nne. Kisa hiki ni kidogo, lakini kina maana. Kufuli lilipimwa kwa uwezo wa mtu atakayelifungua: aliulizwa, akajibu, na jibu lake likafuatwa.

Badiliko la pili lilitokea Ujerumani Magharibi. Mwaka 1980 yalianza majaribio ya mtambo ulioitwa Bildschirmtext, uliounganisha televisheni na waya wa simu, na kwa njia hiyo mtu aliweza kuamuru malipo akiwa nyumbani kwake. Sasa hapakuwa na karani wala kadi ya kutiwa katika mashine. Palikuwa na maneno na namba tu zilizopita katika waya. Wajerumani wakatumia siri mbili: ya kwanza ya kuingilia, na ya pili namba ya kuidhinishia malipo, ambayo kila moja ilitumika mara moja kisha ikafa. Mteja alipelekewa orodha ya namba hizo katika karatasi, akazifuta moja moja kadiri alivyozitumia. Ilikuwa njia rahisi, na kwa miaka mingi ilifaa.

Lakini mtambo ule ulipata aibu mapema. Usiku mmoja wa Novemba 1984, vijana wa chama kiitwacho Chaos Computer Club waliingia katika mtambo kwa jina na neno la siri la benki moja ya akiba ya Hamburg, wakaufanya uite tena na tena ukurasa wao wenyewe uliotozwa karibu marki 10 kila ulipofunguliwa. Kulipokucha, benki ilikuwa imeandikiwa deni la marki zipatazo 135,000. Vijana hao hawakuzichukua fedha hizo; waliyatangaza hadharani waliyoyatenda ili udhaifu wa mtambo ujulikane. Msomaji na atazame jambo moja hapa: siri iliyotumiwa haikuwa ya bibi kizee aliyeandika namba yake nyuma ya kalenda. Ilikuwa siri ya benki.

Intaneti ilipoenea, wezi walibadili shabaha. Kuivunja benki ni kazi nzito. Kumdanganya mteja ni kazi nyepesi. Walitengeneza kurasa zilizofanana na za benki, wakawaomba watu namba zao, na watu wakazitoa. Mwaka 2005 mabenki ya Ujerumani yakaanza kuzipa namba za orodha nambari za mfuatano, na kumwuliza mteja namba moja maalumu badala ya yoyote aliyotaka. Wezi nao wakajifunza kukaa kati ya mteja na benki, wakapitisha maswali na majibu. Ndipo namba za kuidhinishia zilipohamishwa kutoka karatasi kwenda simu ya mkononi, zikaja kwa ujumbe mfupi. Hata huko hazikukaa salama. Mwaka 2012 ilifunuliwa hila iliyopewa jina la Eurograbber, iliyoambukiza kwanza kompyuta ya mteja kisha simu yake, ikaiba takriban yuro milioni 36 kwa wateja wapatao 30,000 katika Italia, Ujerumani, Hispania na Uholanzi. Na mwaka 2017 ilijulikana kwamba wezi waliwaibia wateja wa Ujerumani kwa kuzielekeza kwingine jumbe zao fupi, wakitumia udhaifu uliokuwamo katika mitambo ya makampuni ya simu yenyewe. Wateja hao walikuwa na simu zao mifukoni wakati namba zao zikisomwa na wengine.

Jumuiya ya nchi za Ulaya ilijibu kwa sheria. Amri iliyotolewa mwaka 2015 juu ya huduma za malipo, pamoja na kanuni zilizoanza kutumika tarehe 14 Septemba 2019, zilitaka mteja ajithibitishe kwa mambo mawili kati ya matatu: kitu akijuacho, kama neno la siri, kitu alicho nacho, kama kadi au simu, na kitu cha mwili wake, kama alama ya kidole. Tena, namba ya kuidhinishia malipo ilipasa ifungamane na kiasi kile kile na mpokeaji yule yule, ili isiweze kutumiwa kwa malipo mengine. Hapo ndipo orodha za karatasi zilipokwisha. Mabenki mengi yakaona kwamba njia rahisi kwao ni programu ya simu janja.

Haki yataka tuseme kwamba programu hiyo si kitu duni. Huonyesha kiasi cha fedha na jina la anayelipwa kabla ya idhini kutolewa, na ufunguo wake huweza kuhifadhiwa mahali pagumu kufikiwa ndani ya simu. Kwa mambo mengi yashinda ujumbe mfupi. Basi mwenye kusita husita kwa nini?

Kwanza, huona kwamba vitu viwili vimekuwa kimoja. Zamani aliamuru malipo katika kompyuta na namba ikaja katika simu. Mwizi ilimpasa ashike vyote viwili. Sasa simu moja huamuru na simu hiyo hiyo huidhinisha. Waliotunga kanuni waliliona jambo hili, wakataka sehemu mbili hizo zitengwe ndani ya kifaa kimoja. Lakini mteja hauoni utengano huo, naye hutakiwa auamini tu. Pili, simu huzeeka. Mtengenezaji akiacha kuitunza, programu huikataa, na mtu hulazimika kununua simu mpya ili afikie fedha alizokuwa nazo tayari. Tatu, ili aipate programu kwa njia ya kawaida, humbidi afungue hesabu na Apple au Google, makampuni ambayo hakuweka kwao hata senti moja. Nne, huogopa lawama. Sheria ya Ulaya humlinda aliyeibiwa bila idhini yake, na benki ndiyo itakiwayo kuthibitisha. Lakini aliyehadaiwa akabonyeza mwenyewe huambiwa kwamba ameridhia. Ni juzi tu, tarehe 7 Oktoba 2024, Uingereza ilipoyalazimisha mabenki kuwarudishia wengi wa waliohadaiwa hivyo, hadi pauni 85,000.

Wala si kweli kwamba usalama hauwezi kupatikana bila simu janja. Mabenki kadha ya Ulaya yametoa chombo kidogo cha kusomea kadi, kisichounganishwa na mtandao wowote. Barclays ilianza kuwapa wateja wake chombo cha namna hiyo mwaka 2007. Mwaka huo huo, kwetu Afrika Mashariki, M-Pesa ilianzishwa Kenya, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Haikumtaka mtu awe na simu janja. Orodha ya huduma iliwekwa ndani ya laini, simu ya bei ndogo ilitosha, na mtumiaji akathibitishwa kwa laini aliyo nayo na namba ya siri aijuayo: mambo mawili, miaka mingi kabla ya Ulaya kuyaandika katika kanuni. Nyuma ya namba hizo palikuwapo wakala, mtu wa mtaani, aliyetazama kitambulisho na kuandika daftarini. Njia hii nayo ina wezi wake, wanaohadaa watu kwa simu au kujipatia laini za wenzao. Lakini haikumfungia nje maskini kwa sababu ya kifaa chake.

Kufungiwa nje ndiko kulikomwinua Carlos San Juan, daktari mstaafu wa Valencia, Hispania, mwenye umri wa miaka 78. Mwanzoni mwa mwaka 2022 alilalamika hadharani kwamba mabenki yanafunga madirisha na kuwaachia wazee mashine na programu wasizoziweza. Alisema kwamba yeye ni mzee, si mjinga. Watu zaidi ya 600,000 walitia saini zao pamoja naye, na mwezi Februari mabenki ya Hispania yakaahidi mbele ya serikali kuongeza saa za kuwahudumia watu madirishani. Yafaa kukumbuka kwamba mzee huyo hakuomba benki zirudi nyuma. Aliomba abaki kuwa mteja.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wasitaji wa leo wanalijua daftari. Wanachouliza ni nani alishikaye, na hesabu ikikosea ni nani atakayelipa. Swali hilo ni la kale, na kila kufuli lililovunjika tangu mwaka 1984 limelitilia nguvu. Benki inayotaka kuaminiwa haina budi kulijibu, na kuacha wazi zaidi ya mlango mmoja. Mke wa mvumbuzi aliulizwa ni tarakimu ngapi aweza kuzikumbuka. Wanaosita leo wangefurahi kuulizwa vivyo hivyo.